Maneno Mafupi Ndiyo Yanayoshinda: Hotuba kwa Wachezaji Chipukizi wa Scrabble

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi mliokubali kutupa asubuhi ya Jumamosi yenu, na ninyi wanafunzi ambao shughuli hii ni yenu hasa: wazee wangu shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya Scrabble, mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni ili kuunda maneno na kupata pointi. Nitashika swali moja tu, lile ambalo kila mchezaji mgeni huniuliza wiki ya kwanza: "Mwalimu, nina herufi saba hapa na sioni neno lolote. Nifanyeje?" Jibu langu nalitoa mapema: jifunze kwanza maneno ya herufi mbili na ya herufi tatu. Uyajue kwa macho, kama unavyomtambua jamaa yako sokoni hata kabla hajageuka. Hayo marefu yatakufuata yenyewe.

Wengi wenu mmekuja hapa mkiamini kwamba mchezo huu ni wa mwenye Kiingereza kingi. Naona mnavyokaa. Aliyesoma shule ya karo kubwa amekaa mbele, ametulia. Yule wa shule ya mtaani amejikunyata nyuma kabisa, anasubiri kuaibika. Imani hiyo nataka niivunje leo, na ushahidi ninao.

Mwaka 2003 bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza alikuwa Panupol Sujjayakorn kutoka Thailand. Mwaka 2009 akawa Pakorn Nemitrmansuk, naye Mthai. Kithai kina hati yake, hakiandikwi kwa herufi hizi tulizo nazo mezani. Kisha mwaka 2015 Nigel Richards, mzaliwa wa New Zealand, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kujua kuzungumza Kifaransa. Alikaa na orodha ya maneno, akaikariri, akaenda kuwashinda wenye lugha yao. Kwa hiyo mtu asikutishe kwa lafudhi yake. Ubaoni hakuna lafudhi.

Na mwaka huohuo wa 2015, mwezi wa Novemba, mjini Perth, Australia, Mnigeria Wellington Jighere aliingia fainali ya dunia dhidi ya Mwingereza Lewis Mackay. Alimshinda michezo minne kwa sifuri, akawa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa huo. Katika mchezo wa mwisho aliweka neno FELTY, herufi tano, pointi 36. Wanigeria walijulikana kwa mkakati wao: pale ambapo wengine wanahangaika kutafuta neno refu, wao hupenda neno la herufi nne au tano lililowekwa mahali pake. Nataka tuuelewe mkakati huo, kwa sababu ndani yake mna somo zima la leo.

Ukiweka herufi zako zote saba kwa mkupuo mmoja, unapewa pointi 50 za ziada. Ni kitamu, sikatai, na mimi mwenyewe nafurahi kila mwanafunzi anapofanya hivyo. Lakini hebu fikiri kinachofuata. Umefungua ubao. Umempa mwenzako nafasi saba mpya za kushikiza neno lake, na huenda mojawapo inaelekea kwenye mraba mwekundu wa kuzidisha neno mara tatu. Herufi zako nzuri zimekwisha, unaingiza mkono upya katika mfuko wa vipande, na huko hujui utatoka na nini. Pengine irabu tano. Mwenye neno fupi anabakiza S yake, anabakiza kipande kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote, ubao unabaki umebana, na mpinzani anahema. Sisemi maneno marefu yaachwe. Nasema anayeyajua mafupi ana uhuru wa kuchagua, na asiyeyajua hana.

Sasa tuzitazame herufi zenyewe, maana idadi yake haikupangwa kiholela. Mchezo huu ulibuniwa na Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Alichukua magazeti, akahesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi, na hesabu hiyo ndiyo iliyogawa vipande. Jina la Scrabble lilikuja mwaka 1948 kupitia mwenzake, James Brunot. Vipande ni 100. E ziko 12, A na I ziko tisa tisa, O ziko nane. Q, Z, J, X na K ziko moja moja. S ziko nne tu, ingawa katika maandishi ya Kiingereza zimejaa tele, kwa sababu Butts aliona kwamba zikiwa nyingi kila mtu atakuwa anaongeza wingi na mchezo utapoa. Kila unaposhika S kumbuka hilo: umeshika kitu kilichofanywa adimu kwa makusudi. Kuitumia kwa pointi nane ni kuitupa.

Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili kuna kikwazo kimoja ambacho vitabu vya kigeni havikitaji, nami nakiona kila mwaka. Lugha yetu inaandikwa inavyotamkwa, na silabi zake karibu zote zinaishia kwenye irabu. Kwa hiyo mwanafunzi wangu akipewa herufi anazitafutia sauti kwanza. Anazinong'ona: ba, be, ta, to. Akikuta konsonanti tano na irabu moja anakata tamaa, anasema hapa hakuna neno. Lipo! Kiingereza kina BRR ya mtu anayesikia baridi, kina TSK, PST, HMM, SHH. Kina NTH. Kina CWM, neno lililotoka Wales lenye maana ya bonde. Kina HM na SH, herufi mbili tu. Na ukiwa na Y, mambo yanafunguka zaidi: GYM, SHY, FLY, MYTH, HYMN, LYNX. Hakuna hata moja kati ya hayo utakaloliona kama unategemea sikio. Inabidi jicho lifundishwe.

Upande wa pili, irabu zikikujaa mpaka ukaona mkono umeharibika, yapo maneno ya kukupunguzia mzigo. Kamusi ya Collins, ambayo ndiyo inayotumika katika mashindano ya sehemu kubwa ya dunia, ina AA, AE, AI, EA, EE, IO, OE, OI, OO na OU. Mnacheka, lakini yote ni halali. AA ni mawe makali ya volkano, neno la Hawaii. AI ni yule mnyama wa Amerika Kusini anayetembea polepole juu ya miti. OE ni upepo wa kimbunga katika visiwa vya Faroe. Ukihitaji kutoa irabu tatu kwa pamoja, ipo EAU. Wapo makocha wanaosema maana hazina kazi, kariri tu. Kwa bingwa kama Richards labda. Kwa watoto wetu mimi naona tofauti: neno lenye hadithi hukaa kichwani, lisilo na hadithi huanguka njiani. Jifunzeni na maana.

Kwa jumla, toleo la Collins la mwaka 2019 lina maneno zaidi ya 279,000. Yenye herufi mbili ni 127 tu. Fikirini hilo vizuri, wanangu. Ukijifunza 10 kwa siku, hata wiki mbili hazifiki umeyamaliza, na katika kila mchezo utakaocheza maishani yatatokea tena na tena. Marekani na Kanada wanatumia orodha yao, iliyo na maneno machache zaidi, kwa hiyo mkicheza kwa simu hakikisheni kwanza ni kamusi ipi. Jambo moja linalowaunganisha wote: hakuna neno la herufi mbili lenye V. Hata moja. Ukishika V, itafutie nafasi mapema, usingoje mfuko uishe ikakufia mkononi.

Nikuonyesheni nguvu ya herufi mbili kwa mfano, na naomba mwenye kalamu aandike. Ubaoni pana neno NO, limelala. Mkononi una A na X. Unaweka AX chini yake, A ikiwa chini ya N na X chini ya O. Umeunda maneno mangapi? Matatu: AX kwa kulala, NA kwa kusimama, OX kwa kusimama. Yote halali. Sasa tuseme X imeangukia mraba wa kuzidisha herufi mara tatu. X ni pointi 8, mara tatu ni 24. AX inakupa 25. OX nayo inakupa 25, kwa sababu X inahesabiwa upya katika kila neno inaloshiriki. NA inakupa 2. Jumla 52, kwa vipande viwili! Umepita ile zawadi ya 50 ya anayemaliza herufi zote saba, na bado una herufi tano mbele yako zilizopangika. Mtu asiyejua kwamba NA ni neno la Kiingereza hawezi kuiona nafasi hiyo hata akiitazama nusu saa.

Kulaza neno sambamba na jingine namna hiyo ndiyo kazi kubwa ya maneno ya herufi mbili. Usiyaone kama maneno ya kucheza peke yake. Yaone kama vibali: kila moja linakuambia herufi gani inaruhusiwa kukaa jirani na ipi. Chini ya TONE unaweza kulaza ARE, ukapata TA, OR na NE kwa mpigo. Bila vibali hivyo unabaki kukata neno la mwenzako katikati, na ubao ukibana huna pa kupita.

Herufi nzito zina maneno yake ya kuziokoa. X ina AX, EX, OX, XI na XU. J ina JO, na kwa Collins JA pia. Z ina ZA, ZE na ZO. Huyo ZO ni mnyama wa Himalaya, mchanganyiko wa yaki na ng'ombe. Q ina QI. Nasisitiza QI kuliko yote, kwa sababu nimewaona watoto wakikaa na Q raundi sita wakisubiri U ambayo haiji.

Na kwenye Q bila U, mtoto wa Mombasa ana mtaji ambao wa London hana. Maneno mengi ya aina hiyo yametoka kwenye Kiarabu, na Kiarabu hichohicho kimetupa sisi maneno yetu. Mnamjua kadhi? Kamusi ina QADI. Mnajua talaka? TALAQ. Wakfu? WAQF. Kibla ni QIBLA, fakiri ni FAQIR, fikihi ni FIQH. Na miraa, ambayo siwashauri kuitafuna ila nawashauri kuiandika, imeingia kwa tahajia tatu: QAT, KAT na KHAT. Mwenzenu wa Uingereza anayakariri haya kwa shida. Ninyi mmekua mkiyasikia, mnachojifunza ni tahajia tu.

Vilevile yapo maneno ya Kiswahili kabisa yaliyoingia katika kamusi hiyo: DUKA, BOMA, PANGA, KANZU, SHAMBA, ASKARI, BWANA, UHURU, SAFARI. Lipo MZEE, herufi nne, pointi 15 hata kabla ya kugusa mraba wowote wa rangi. Angalizo tu: wingi wake hufuata Kiingereza. Ni DUKAS, ukiweka MADUKA utapingwa na utaondoa vipande vyako. Na majina ya watu na ya miji hayaruhusiwi, hata uyapende vipi.

Turudi kwa yule mwenye herufi saba asiyeona kitu. Kwanza, aziguse. Usizitazame tu zilivyotoka mfukoni. Zisogeze kwenye kibao chako kila mara. Tenga S pembeni. Tenga viishio ED, ER, ING kama vipo. Kisha tazama zilizobaki. Chukua A, E, R, S, T. Ukiiweka S mwishoni unabaki na A, E, R, T, na hapo utaona RATE, TEAR, TARE, yote yanapokea S nyuma. Ukizileta S na T mbele, unapata STARE. Ukianza na A, unapata ASTER, ambalo ni ua. Herufi tano, na ndani yake pia kuna EAT, TEA, ART, EAR, SEA, REST, STAR na mengine mengi. Mwanafunzi aliyezitazama bila kuzigusa angeona RATES na kusimama hapo.

Njia ya pili, kwa wale wanaotaka kwenda mbali, ni kuzipanga kwa alfabeti. Mkikata kadi, upande mmoja andikeni AET, upande wa pili andikeni ATE, EAT, ETA, TEA na TAE. Sababu ni kwamba herufi hutoka mfukoni ovyo, kila siku kwa sura mpya. Ukizipanga kwa alfabeti zinakuwa na sura ileile daima, na kichwa kinaitambua. Programu za kompyuta za kutafuta maneno nazo hutumia mbinu hiyo. Mimi binafsi nawaambia wageni wachanganye kwa mkono kwanza, na kadi zije baada ya miezi michache, kwa sababu nimeona kadi zikiwachosha watoto kabla hawajaupenda mchezo.

Halafu kuna kuongeza herufi moja. Kila neno fupi unalolijua ulize: mbele yake hukaa nini, nyuma yake hukaa nini? EAR hupokea mbele herufi kama B, D, F, G, H, N, P, R, S, T, W, Y: BEAR, DEAR, FEAR, endelea mwenyewe. Nyuma hupokea herufi kama L, N, S. AT hupokea mbele herufi kama B, C, E, F, H, M, O, P, Q, R, S, V, na nyuma hupokea herufi kama E. Maneno ya herufi tatu yamepita 1,300 katika Collins, na hilo huwatisha watu. Lakini mengi ni ya herufi mbili yaliyoongezwa moja, kwa hiyo aliyemaliza yale 127 amekwisha kuingia mlangoni.

Kuhusu simu. Wazazi mmeniuliza, na mna haki. Zipo programu ambazo mtoto anaingiza herufi zake na zinamtolea maneno yote. Kuzitumia katikati ya mchezo ni wizi, na kwenye klabu hii atakayefanya hivyo tutamwondoa mezani. Lakini baada ya mchezo, naziruhusu na nazipenda. Mwanafunzi aandike herufi alizokuwa nazo katika raundi mbili au tatu zilizomshinda, aandike alichocheza, kisha nyumbani aulize programu alikosa nini. Achukue maneno mawili tu katika orodha hiyo, yale mafupi zaidi, ayaweke daftarini. Mtoto anayefanya hivyo kila wiki hunipita baada ya muda, na hilo hunifurahisha kuliko kombe lolote.

Neno la mwisho kuhusu kupinga. Mwenzako akiweka neno usilolijua, una haki ya kulipinga, lakini katika mashindano mengi ya Collins ukilipinga neno halali yeye anapata pointi 5. Kwa hiyo kujua maneno mafupi kunakulinda pande zote mbili: hutadanganywa kwa neno la uongo, wala hutampa mtu pointi za bure kwa kulitilia shaka OE au XU. Na ukicheza dhidi ya mtu mwenye Kiingereza chako mara tatu, ukaweka QI naye akapinga, tulia, mwache aitazame kamusi mwenyewe.

Sasa tufanye kazi. Vuteni viti, kaeni wawili wawili, mkubwa na mdogo, na wazazi pia naomba msitoke, tafuteni mshirika. Herufi zetu ni A, D, E, I, K, N, O. Sitaki neno refu hata moja. Nataka ya herufi mbili tu, na katika herufi hizo Collins ina zaidi ya 20. Mna dakika tatu, bila simu, na anayebisha neno la mwenzake aje kwangu, kamusi ninayo hapa mezani.